Boti Yako Haijakauka, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuachia nyumba yenye kimya kingi na makufuli mengi.

Picha tuliyoiweka hapo juu ni ile ya kitambulisho cha kazini, kwa sababu ndiyo pekee ambayo hukuibishia. Nyingine zote ulisema mpiga picha amekuongezea mashavu.

Tunajua ulivyokuwa ukisoma matangazo ya namna hii. Ulikuwa ukifungua gazeti ukurasa huu huu, unashusha miwani hadi puani, unasoma kwa sauti: "Alikuwa mpole, mkarimu, kipenzi cha wote." Kisha unamtazama Mama juu ya miwani. "Kipenzi cha wote? Hata jirani yake? Hawa wanaficha kitu." Kwa hiyo, Baba, tangazo lako tumeliandika bila kuongeza mashavu. Mama amelisikiliza neno kwa neno, na kila nilipozidisha amesema, "Futa hapo, atatucheka."

Hukuwa mpole, Baba. Wala hukuwa kipenzi cha wote. Maisha yako yote ya kazi ulikuwa mlinzi wa geti la kiwanda cha viatu, na kazi yako ilikuwa kutomwamini mtu yeyote anayetoka na mkoba. Wafanyakazi walikupa jina la Fungua Tuone, nawe ulilipenda kuliko jina lako. Uliwakagua wasichana wa kushona, ulikagua gari la meneja, ulimkagua hadi mkaguzi. Na ukimaliza ulikuwa na maneno yako mawili ambayo hukuyabadilisha hata siku moja: "Nimeridhika. Pita."

Shida ni kwamba geti ulirudi nalo nyumbani. Mama akitoka sokoni, kikapu chini, fungua tuone. Mimi nikitoka shule, begi mezani. Siku mume wangu alipokuja kujitambulisha, kavaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, ulimsimamisha pale pale kizingitini.

"Mkobani kuna nini?"

"Mkate, mzee."

"Mkate wa nani?"

"Wa... wa hapa, mzee."

Ukautoa, ukaunusa, ukaubonyeza kama mtu anayetafuta mfupa ndani yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu ukasema, "Nimeridhika. Pita." Mpaka leo mkweo anasema hiyo ndiyo harusi yake. Ile nyingine ilikuwa ya watu kula.

Lakini kushuku kwako kulikuwa na joto ndani yake, na hili Mama amekubali nisilifute. Nilipojiandikisha masomo ya jioni, mwanangu akiwa bado ananyonya, wapo waliosema nimechelewa. Wewe uliuliza tu, "Huyo mwalimu ni nani, na anawatoa saa ngapi?" Kisha ukawa unakuja kukaa nje ya darasa na mjukuu wako mapajani, ukidai unalinda baiskeli za wanafunzi. Hakuna aliyekuomba. Hakuna baiskeli iliyoibwa. Na mimi nilijifunza kuandika sentensi ndefu huku nikisikia mtoto wangu akicheka upande wa pili wa ukuta.

Kisha ukastaafu, na ukatuambia unanunua boti.

"Boti?" Mama akauliza. "Wewe hata kuogelea hujui."

"Ndiyo maana nanunua boti."

Ilikuwa boti ya mbao, ndogo, ya mtumba, rangi imebanduka mabaka mabaka. Mama aliiita mtumbwi wa mtumba kabla hajaiona, na alipoiona hakubadilisha jina. Nilikuwepo siku ulipokwenda kuitazama, mtoto mgongoni. Muuzaji alikuwa mvuvi mzee, mrefu, mwenye maneno machache kama vile kila neno analinunua.

"Mbona unauza?" ulimuuliza.

"Nimechoka."

"Umechoka wewe, au imechoka yenyewe?"

"Mimi. Mgongo."

"Geuka nikuone."

Akageuka. Ukautazama mgongo wake kana kwamba maumivu yana mhuri. Kisha ukalala chali chini ya boti na shati lako jeupe. Uligonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, sikio limeegeshwa. Ukachokonoa kwenye maungio kwa ncha ya msumari. Ukainusa mbele, ukainusa nyuma.

"Nani amefia humu?"

"Hajafia mtu."

"Hajafia, au hujaambiwa?"

"Mzee," yule mvuvi akasema, "unanunua boti au unafungua kesi?"

Ulilipa. Nilidhani yameisha. Lakini boti iliposhushwa majini ulibaki nchi kavu na mikono nyuma, ukamwambia, "Panda wewe kwanza."

"Mimi nimeshaiuza!"

"Kama ni nzima, unaogopa nini? Ikizama, tuzame wote."

Basi aliyeuza boti akapanda boti aliyoiuza, akakaa mbele, nawe ukakaa nyuma ukimwangalia kisogo. Siku iliyofuata ukamfuata tena kwake. Na iliyofuata. Hukuwahi kwenda majini bila yeye. Ulimwita Dhamana. "Vitu vya dukani vinakuja na karatasi ya dhamana," ulisema. "Dhamana ya boti yangu ina miguu, na inakula mkate wangu." Ndivyo ulivyojifunza uvuvi, Baba, kwa kumshuku mtu mpaka mkawa marafiki.

Rangi mpya ilipokauka ulichukua brashi mwenyewe, ukaandika ubavuni kwa herufi kubwa za geti: NIMERIDHIKA.

Hapo ndipo Mama naye alipoanza kushuku. Ulikuwa unatoka alfajiri, unarudi saa nne, huna samaki, na unapiga mluzi. Mluzi ndio uliomtia wasiwasi. "Mwanamume wa umri ule hapigi mluzi bure," aliniambia. "Vaa viatu." Tukakufuata. Tuliikuta boti imefungwa pale pale kwenye kigingi, haijakwenda popote, na wewe umekaa ndani yake na chupa ya chai na kile kikombe chako cha bati cha buluu, unaufuta ukingo wa boti kwa shati kuukuu, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

"Unafanya nini hapo?" Mama akauliza.

"Nimekaa."

"Umekaa wapi?"

Ukatazama kushoto, ukatazama kulia, kana kwamba swali lenyewe lina mtego. "Kwangu," ukasema.

Tukageuka, tukarudi. Nadhani sote wawili tulikuwa tunahesabu kimoyomoyo nyumba tulizopanga, na viatu vyote ulivyolinda ambavyo havikuwa vyako, na lile geti ambalo hata ufunguo wake ulikuwa unaurudisha kila jioni. Tulipofika nyumbani akasema, "Angalau angenikaribisha." Ulimkaribisha, Baba, tena mara nyingi. Akawa anakataa, anasema yeye na boti ya mtumba hawajatambulishana.

Samaki walikuja baadaye, wadogo wadogo, na uliwaleta kwa fahari ya mtu aliyeleta ng'ombe. Ulituonya tuwale taratibu, kwa sababu mwiba hauaminiki.

Kisha kifua kikakubana. Hospitalini uliwashuku wote. Ulimwomba muuguzi afungue pakiti ya vidonge mbele yako, na yule dada, Mungu ambariki, alifungua, akakuonyesha, akasubiri mpaka useme, "Nimeridhika." Asubuhi ile ya mwisho sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. Mama alikuwa kaketi kichwani kwako. Ulisema, "Isikauke."

Midomo yako ilikuwa mikavu, imepasuka. Mama akachovya pamba kwenye maji, akailowesha.

"Isikauke," ukarudia, ukamshika mkono.

"Haitakauka, mume wangu. Nipo hapa."

Akaendelea kuilowesha mpaka mwisho, na hata baada ya mwisho kidogo. Tulirudi nyumbani tukijua kwamba lile la mwisho ulilotaka tulilifanya. Hilo lilitusaidia kulala.

Dhamana alikuja msibani, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Kabla hajatoa pole akauliza, "Boti iko wapi?"

Aliyemjibu ni Baba mdogo. Mdogo wako huyu, muuza vipuri, amerithi kushuku kwako kote ila mizaha hakurithi. "Iko salama," akasema. "Tumeitoa majini, tumeivuta juu, tumeifunga mnyororo."

Dhamana akaguna. "Irudisheni."

"Irudishwe? Uliuza, ukalipwa, ukala!"

"Nasema irudisheni."

Baba mdogo akamwonyesha njia. "Hata kaburi halijakauka," akatuambia, "na yeye anadai boti." Sote tukatikisa vichwa. Ilikuwa imeeleweka sasa kwa nini mtu yule alikaa mbele ya boti muda wote ule. Alikuwa anaingojea.

Basi tuliitunza, Baba, kama ulivyotutunza sisi. Turubai juu, kamba pande zote, mnyororo kwenye nguzo, kufuli kubwa. Miezi ikapita na jua lake. Baba mdogo akapata mnunuzi, mtu mmoja wa koti, akasema tumuuzie mwaka wako ukitimia. "Muuzieni kabla haijawa kuni." Mama alikubali kwa kichwa, si kwa mdomo. Mimi sikutaka, ila sikuwa na sababu ya kusema mbele ya watu. Mimi pia siogelei. Nikaomba tu nikaisafishe, isije ikaondoka kwetu ikiwa chafu.

Nilipofunua turubai nilikuta maji ndani, yamenifika kwenye vifundo vya miguu. Na ulikuwa wakati wa kiangazi, mbingu nyeupe, hakuna tone lililokuwa limeanguka.

Nikayatoa kwa kopo, nikaifuta kwa matambara mpaka mbao zikawa kavu kabisa. Niliporudi, maji tena. Nikayatoa tena.

"Ni yule yule," Baba mdogo akasema. "Anaiozesha ishuke bei, aichukue bure."

"Nilimwangalia pale msibani," Mama akasema. "Mwili ulikuwa hapa, macho yalikuwa ufukweni."

Nikafanya ulichonifundisha. Nilifunga uzi mweusi kwenye kamba ya turubai, kwa lile fundo lako dogo la getini, ili mtu akifunua nijue. Niliporudi uzi ulikuwa umekatika. Na pembeni yake, Baba, palikuwa pamefungwa uzi mweupe, kwa fundo lile lile. Baba mdogo alipouona alisema, "Sasa anatucheza shere."

Asubuhi iliyofuata nilimbeba mwanangu mgongoni, nikaenda kujibanza kwenye kibanda cha chai kinachotazama boti. Niliagiza chai ili nisishukiwe. Nikaagiza nyingine. Ufukwe ukajaa wavuvi, ukapungua, hakuna aliyeisogelea boti.

"Dada," mama muuza chai akaniuliza, "unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu."

"Haya. Maana kuna mzee kule nyuma ya mapipa, naye tangu alfajiri hamsubiri mtu."

Mwanangu akachagua wakati huo huo kulia. Nyuma ya mapipa kikachomoza kisogo kirefu ninachokijua, kikageuka, na mwenyewe akaja mbio na bakora mkononi. Nami nikatoka mbio. Tulikutana kwenye boti, tukasema kwa pamoja, "Nimekukamata!"

"Kumbe ni wewe unayeiua!" Dhamana akasema.

"Mimi? Wewe unayeijaza maji!"

"Ndiyo, naijaza! Naijaza, mwanangu, na kuna mshenzi kila siku anayatoa! Nilidhani ni yule wa koti, nikamtegea uzi mweupe kwa fundo alilonifundisha baba yako."

"Mshenzi ni mimi," nikasema.

Akakaa juu ya ukingo. Bakora ikamdondoka. Kisha akaanza kucheka, na mgongo ukamkumbusha kwamba haruhusiwi kucheka. Akaniita nisogee. Akapitisha ukucha kwenye maungio ya mbao, na ukucha ukaingia. "Unaona? Mbao ikikaa juani inasinyaa, inaachana na mwenzake. Ishushe majini hivi, itajaa kama kikapu. Ukiilowesha kwa ndani inavimba, inashikana. Boti ya mbao hailindwi kwa mnyororo, mwanangu. Inalindwa kwa maji."

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Nilisema irudisheni. Mkanifukuza."

"Tuirudishe kwako?"

"Kwangu? Majini!"

Nilirudi nyumbani na jambo moja linanikwaruza, sijui ni nini. Jioni nikaenda darasani. Mwalimu alikuwa anatufundisha ngeli. Akaandika ubaoni: mdomo unakauka, midomo inakauka. Chini yake akaandika mifano ya ngeli nyingine: nguo inakauka, kamba inakauka. "Mnaona hii i?" akasema. "Ni ile ile. Usipotaja midomo wala nguo, msikilizaji atajuaje unazungumzia kipi?"

Nikaweka kalamu chini. Nikaomba ruhusa.

Mama alikuwa anakunja nguo. "Mama," nikasema kabla sijavua viatu, "hakusema midomo."

"Nani?"

"Baba. Isikauke. Alikuwa anasema boti."

Mama akabaki na shati mkononi. Nikamweleza yote, mbao, maji, uzi mweupe, irudisheni. Halafu akacheka, Baba, kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa kiganja. "Mtu anakufa, anawaza boti!" Kicheko kikageuka katikati ya safari. "Na mimi nimekaa pale namlowesha midomo." Nikamshika. Baada ya muda akajifuta kwa lile shati, ambalo lilikuwa lako, akasema, "Lakini na midomo pia ilikuwa mikavu. Sikukosea." Hukukosea, Mama. Hilo naliandika hapa ili na wengine walisome.

Baba mdogo tulipomweleza alisema anamwamini Dhamana nusu, na nusu nyingine atairuhusu akiona. Ila mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia mtu wa koti asije tena, na mwenyewe ndiye aliyebeba ndoo nyingi kuliko sote. Tuliilowesha mpaka ukucha ukagoma kuingia.

Juma lililopita tuliishusha. Baba mdogo akasimama nchi kavu na mikono nyuma. "Panda wewe kwanza," akamwambia Dhamana.

"Nilijua tu," Dhamana akasema. "Damu ni ile ile."

Akanyanyua mguu. Mama akamzuia kwa mkono. "Simama hapo. Mkobani kuna nini? Fungua tuone."

Sote tukamgeukia. Mama, ambaye alilalamika kukaguliwa ndoa nzima. Dhamana akafungua. Palikuwa na mkate, chupa ya chai, na kile kikombe chako cha buluu ambacho tulikitafuta mwaka mzima, tukawashuku hadi wafagiaji wa hospitali.

"Hiki umekipata wapi?"

"Alikisahau ndani ya boti. Nilikuwa nakitunza. Niliogopa kukileta, mama, mngesema nimekiiba."

Tungesema hivyo, Baba. Bila shaka yoyote.

Mama akakigeuza kikombe, akakitazama ndani, akakitazama kitako. Akamrudishia, akasema tutarudi nacho nyumbani. Kisha akakusanya gauni lake kwa mkono mmoja, akanishika bega kwa mwingine, na kwa mara ya kwanza akaingiza mguu kwenye boti ya mtumba. "Nimeridhika," akamwambia Dhamana. Neno la pili halikumtoka.

Iliingiza maji kidogo karibu na unyayo wake. Tuliyakodolea macho sote, familia nzima, kama tunavyojua kukodoa. Kisha yakakoma. Dhamana alikuwa kakaa mbele, mahali pake. Mimi nilikaa nyuma, mahali pako, na nikagundua kwamba kutoka pale kisogo cha Dhamana kinaonekana vizuri sana, na kwamba ukingo umelainika pale ulipokuwa ukiufuta.

Nimeanza kujifunza, Baba, nyavu asubuhi na vitabu jioni. Dhamana anasema mikono yangu ni ya polepole ila haisahau. Anatufundisha kuogelea pia, mimi na mwanangu, kwenye maji ya magotini, na Mama amesimama ufukweni anahesabu vichwa. Nina matumaini makubwa, ingawa najua ungeniuliza yanatoka wapi.

Kwa wote wanaoendelea kuulizia: boti haiuzwi. Tafadhali msimtume mtu.

Unakumbukwa na mkeo, anayekunywea chai kwenye kikombe chako. Na binti yako. Na mkweo wa mkate. Na mjukuu wako, ambaye siku hizi anafungua mikoba ya wageni wote, na tunawaomba radhi wageni. Na mdogo wako, aliyetaka iandikwe kwamba alimshuku Dhamana kwa nia njema. Na wenzako wa getini. Na Dhamana, ambaye si wa damu, ila tumemkagua.

Jina lako, Baba, halitakauka midomoni mwetu.

Na lile neno la pili lililomkwama Mama, ameomba tulimalizie hapa, tukuambie wewe.

Pita.